Inamisha Kichwa, Baba Aika

Ndugu waombolezaji mliotoka Mabela, Mawaleh, Al Khoudh na kwingineko hapa Maskati, familia inajua kwamba tangu asubuhi mmekuwa mkinong'onezana kwa nini juu ya jeneza imewekwa picha ya kijana anayeruka na ubao katikati ya theluji usiku, badala ya sura ya marehemu, na mama mmoja ameuliza kwa upole kama hatujabeba jeneza la mtu mwingine. Jeneza ni lenyewe, picha ni yenyewe, na aliyeagiza ni marehemu mwenyewe, kwa hiyo mtuvumilie, tutafika.

Marehemu Desderius Mushi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kibosho, Moshi, mahali ambapo theluji ya Kibo unaiona ukiwa mlangoni, naye aliitazama tangu utoto wake bila kuigusa. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na mwaka 1974 akajifunza kupiga na kusafisha picha katika studio moja ya Moshi mjini, ambako fundi wake alilalamika kwamba kijana huyu habonyezi kamera mpaka aulize kwanza mwanga umetoka wapi, na wateja wanasinzia kitini.

Tarehe 9 Septemba 1989 alifunga ndoa na Eufrasia, dada yake Noel, na Noel ndiye huyu anayewasomea, mpishi wa meli aliyezunguka bandari nyingi za dunia na hakuna hata moja iliyomwomba arudi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Aika mwaka 1990 na Japhet mwaka 1996.

Aprili 1992 marehemu alikuja Maskati kufanya kazi katika studio ya Bwana Saeed, Mawaleh, na mwaka 1994 Eufrasia akamfuata, akaajiriwa nyumbani kwa Bi Zakiya, Al Khoudh. Binti wa Bi Zakiya alipoolewa mwaka 1995, Desderius alipanga taa katika ukumbi wa wanawake kabla wageni hawajafika, kisha ikabidi atoke, maana mwanamume haingii humo, na Bi Zakiya akasema, "Bwana wa taa nnaye, lakini wa kubonyeza sina, basi shika wewe kamera, Eufrasia, hizo sahani zitaoshwa kesho." Kuanzia hapo wakawa wanafanya kazi hivyo, mume anapanga mwanga asiouona ukiwaka, mke anapiga, halafu njiani mume anamhoji mwanga ulikaaje shavuni, pazia lilifanyaje, mpaka Eufrasia anaomba afunguliwe dirisha apumue.

Mwaka 1998 Anas, mtoto wa kiume wa Bi Zakiya, alileta studio gazeti lenye picha ya mtu akiteleza kwenye theluji usiku, chembe zikimzunguka kama kioo kilichosagwa, akauliza, "Ami, hii taa imekaa wapi?" Desderius alilala na gazeti hilo wiki tatu, akakata shauri kwamba taa iko nyuma, na ili kuthibitisha hilo akamsimamisha shemeji yake Noel uani kwao Mabela arushe unga wa ngano hewani, flashi ikiwa mgongoni, na jirani aliyechungulia ukutani aliona mzuka mweupe mwenye kitambi, akarudi ndani akafunga mlango. Mwaka uliofuata wakajaribu na Anas kwenye vilima vya mchanga vya jangwa la Bidiya, lakini Anas akasema, "Mchanga haung'ai, ami, unakunywa taa."

Februari 2003 Anas akawachukua mume na mke hadi milima ya Lebanoni, alikokuwa akiteleza kwa ubao na wenzake, na usiku wa tarehe 11 Desderius akashika theluji kwa mara ya kwanza, akainusa, akaionja, akamuuliza mkewe kama ile ya Kibo nayo haina ladha. Kifaa cha kuwashia flashi kwa mbali kiligoma kwa baridi, hivyo akaamua kulala mwenyewe nyuma ya tuta la theluji, flashi mkononi, Eufrasia aiache kamera wazi gizani ikisubiri mwanga, na yeye mume abonyeze flashi akisikia ubao wa Anas ukikwaruza ukingo. Akamwachia mkewe amri moja tu, asiiguse stendi ya kamera. Eufrasia akachungulia, akaihamisha hatua nne kushoto.

"Mama Aika, nimesemaje kuhusu stendi?"

"Ulipoiweka tutapiga giza tupu. Wewe inamisha kichwa, Baba Aika!"

Anas akaruka, theluji ikawaka yote, na Desderius, aliyeulizia mwanga huo miaka mitano, akashindwa kujizuia, akatazama.

Machi 2004 picha hiyo ilipata tuzo katika maonyesho hapa Maskati, kwa jina la Desderius peke yake kwa kuwa ndiye aliyejaza fomu, na jaji akalisifu hasa lile jiwe dogo jeusi juu ya tuta, akauliza alilipataje, naye, kipaza sauti kikiwa mdomoni, akajibu, "Nilizunguka sana kulitafuta." Eufrasia, safu ya pili, aliziba mdomo kwa mtandio, watu wakadhani analia kwa furaha, na ndani ya gari, mpaka Mabela, alitamka neno moja tu, "Jiwe."

Kila mwaka Desderius aliahidi kwenda kwa wenye maonyesho kusahihisha, na kila mwaka aliona aibu imenenepa. Agosti 2006 akaanza kuugua figo, na tarehe 8 Novemba 2007 akamwita shemeji yake hospitali, akasema, "Usinizike na jiwe lile." Shemeji, ambaye ushujaa wake huishia jikoni, alishauri libaki ndani ya familia, akajibiwa, "Nilidanganya kwenye kipaza sauti, sahihisha kwenye kipaza sauti." Alifariki tarehe 11 Novemba, alfajiri, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Basi familia inatamka mbele yenu kwamba picha hii ilipigwa na Eufrasia, na leo asubuhi Aika ameandika jina la mama yake chini yake. Na mtakaposogea kuaga, litazameni vizuri lile jiwe, lina kofia ya sufu na sikio moja, hiyo ndiyo picha pekee ya marehemu akiwa kazini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bwana Saeed na wafanyakazi wenzake, Bi Zakiya na Anas, majirani wa Mabela, yule wa ukutani akiwemo, na wote watakaomsindikiza kesho hadi Kibosho, chini ya theluji yake.

Pumzika kwa amani, shemeji, na safari hii inua kichwa, utazame unavyotaka.