Mzee Bamoye na Boti Isiyobeba Bunduki

Ndiyo, miaka ishirini na mitatu. Wanaoniuliza kule gatini wasiulize tena: Mzee Bamoye Karabenta, nahodha wa boti ya dawa ya shirika letu hapa Mopti, anastaafu tarehe 31 Machi. Nimeambiwa niandike mimi, mpakiaji wake, maana bosi kasema wengine wataandika vizuri mno na hakuna atakayesoma.

Alianza na upondo, baadaye akapewa injini. Ikigoma anaitukana mpaka iwake. Mafundi wameshindwa, haiwasikii.

Sheria yake imechorwa ubavuni mwa boti: bunduki iliyopigwa mstari mwekundu. Wanajeshi waliomba lifti na silaha zao, akakataa. Watu wa msituni nao akawakatalia. Kila upande ukamwita msaliti, naye akasema basi mizani imekaa sawa.

Mwaka juzi, mto umejaa, tulikuwa tunampeleka hospitali mtu wa msituni aliyepigwa risasi tumboni. Wanamgambo wanaopigana na watu wa msituni wakatusimamisha ukingoni. Mkubwa wao, Amono Guindo, ni Mdogoni, kabila la wakulima wa vitunguu. Mzee ni Mbozo, kabila la wavuvi wa mtoni. Hao ni watani tangu mababu, na damu ya mtani haimwagwi. Ila mgonjwa wetu hakuwa na mtani pale. Wakimshusha, kwisha habari yake.

"Mla vitunguu wee," Mzee akaanza, "umenisimamisha uniombe samaki?"

"Mnuka mto, mshushe huyo aliyelala."

"Huyu mgonjwa. Ukimtaka, anza na mimi, halafu nenda kawaeleze babu zako."

Watu wake wakacheka, mwisho akacheka na yeye. Kumbe ana shida yake: mdogo wake kavunjwa mguu kwa risasi. Akataka tumbebe huyo mdogo wake pamoja na bunduki yake, kwa heshima ya utani.

Hapo nikatamani nigeuke samaki niondoke zangu. Mzee akasema mdogo wako karibu, bunduki hapana.

"Utani ni wetu, mtani. Boti ni ya wagonjwa."

Guindo akamtazama adui yake aliyelala, akatazama ule mguu. Kisha akamvua mdogo wake bunduki kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mchangani, akambeba akamlaza ubavuni mwa yule adui.

Njiani yule wa tumbo akatetemeka kwa homa. Mwenye mguu akamvutia nusu ya blanketi lake. Injini siku hiyo haikutukanwa. Wote wawili walipona.

Mzee, umetuvusha. Mungu akupe umri mrefu, na samaki wakufuate mpaka mlangoni.

Na wewe msomaji, tupatane. Ijumaa baada ya sala, tumuage nyumbani kwake. Samaki wa moshi natoa mimi, wewe lete sukari ya chai. Ukiwa na ugomvi na yeyote atakayekuwepo, fanya kama Guindo: uache ukingoni, uingie mikono mitupu. Ukitoka ukaukuta bado upo, ni wako, beba. Ukikuta maji yameuchukua, nakuongeza samaki wa pili bure.