Danielle Mwewa, Aliyepima Umeme kwa Kuuliza Nani Yuko Nyumbani

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, mimi Stanislas, kaka yake, nimetumwa na familia kuwasimulia maisha ya dada yetu Danielle Mwewa.

Alizaliwa mtaa wa Shituru, hapa Likasi, tarehe 9 Mei 1980, binti wa fundi wa reli, akasoma sekondari Mulungwishi, akapata digrii ya uhandisi wa umeme Lubumbashi mwaka 2005, na tarehe 18 Agosti 2007 akafunga ndoa na Bertin, wakajaliwa watoto wawili, Elikia na Placide.

Mwaka 2019 aliajiriwa katika mradi wa umeme hapa Likasi, ambako transfoma za mitaa zilikuwa zikiungua ovyo, naye akaona kwamba kabla ya kukisia umeme utakaohitajika lazima kwanza ajue nani yuko nyumbani saa ipi, na akiwapo huwasha nini. Akapita mlango kwa mlango akiuliza, na wengi walimkwepa, hata Mama Mwanvua, muuza barafu, akamwambia wazi, “Mwenye kuuliza saa gani nyumba haina muntu, ni mwizi. Weye uko nani?” Danielle hakukasirika, aliketi, akajieleza, akamtaja baba yetu, fundi wa reli aliyejulikana mtaani, na kuanzia siku ile Mama Mwanvua mwenyewe ndiye aliyemtembeza kwa majirani.

Hesabu yake ilipokamilika, mkuu wake, Bwana Dominique, alitaka majibu ya kila nyumba kwa jina, ili awanase waliojiunganishia nyaya kwa siri. Dada alimpa jumla ya kila mtaa tu, akasema, “Bale bantu balinifungulia mulango miye, siwezi kumufungulia muntu mwingine.” Akaachishwa kazi, akafundisha shule ya ufundi, ingawa kazi ile ya kwanza ndiyo aliyoipenda.

Mwaka jana figo zilimlemea, akalazwa hospitalini. Siku moja Bwana Dominique aliingia wodini, akaketi, akamweleza kwamba transfoma zilizowekwa kwa hesabu yake zimestahimili, na sasa wataanza kuuliza hivyo hivyo katika mtaa wa Kikula, bila kuandika majina. Danielle akamwelekeza, “Muanzie kwa benye kazi ya bushiku, muchana banakuwa mu nyumba.”

Alituacha tarehe 3 Februari mwaka huu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani wa Shituru, na Bwana Dominique, aliyefika leo akitokea Kikula, viatu vyake vikiwa bado na vumbi la huko.

Danielle, dada yetu, kazi inaendelea. Pumzika sasa, kwa amani.