Kaka Aliyemkumbuka Kila Mtu

Ndugu waombolezaji, nimepewa heshima ya kusoma wasifu wa kaka yangu, mchungaji wetu. Shemeji amenisihi nisome kilichoandikwa tu. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mimi nilifuata miaka mitatu baadaye, nikakuta nafasi ya mbele imeshachukuliwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, na sekondari hadi 1974. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka. Akiwa na miaka tisa alisema zaburi kumi na mbili mbele ya kanisa bila kitabu. Wiki hiyo mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Mama alisema, "Vizuri, mwanangu. Hebu nyamaza kidogo tumsikie kaka yako." Bado namsikia.

Baada ya miaka saba ya kuchambua barua posta, aliingia chuo cha Biblia mwaka 1982, akabarikiwa kuwa mchungaji tarehe 6 Aprili 1986. Alituhudumia hapa miaka thelathini na mitatu. Alijua nani ana kisukari, mtoto wa nani kafeli, mbwa wa nani kapotea. Vijana walimwita Kompyuta. Mimi, fundi redio na mzee wa kanisa, niliwasalimia watu haohao mlangoni kila Jumapili. Walinipa mkono huku macho yakimtafuta yeye. Nilimwonea wivu. Mungu anajua, kwa hiyo sina haja ya kuwaficha ninyi.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea. Mimi nilikuwa nimeimba naye kwaya miaka miwili, nikijipanga kumwambia neno. Kaka alimuuliza mara moja tu kama jino la bibi yake limepona. Habari yangu ikaishia hapo. Shemeji, samahani, hili halimo kwenye kijitabu.

Kipaji hicho kilitugharimu. Mara tatu wazee tulimwomba tuandike orodha ya wagonjwa, tugawane nyumba za kutembelea. Alitabasamu tu. "Ya nini kujichosha? Mimi si nipo?" Tukazoea. Nani angehangaika kwenda kwa jirani, wakati mchungaji anajua hata jina la paka wake?

Tarehe 4 Machi 2019 alipata kiharusi, na kumbukumbu zikaanza kumtoka. Wiki ya saba, fundi viatu mmoja aliingia ofisi ya kanisa. Mama yake, mjane, alikuwa hajiwezi kitandani kwa miezi mitatu.

"Amekufa jana, akiuliza mchungaji yuko wapi," alisema. "Kanisa zima hamkuwa na mtu mwingine?"

Hatukuwa naye. Hakuna mzee hata mmoja aliyeijua nyumba ile, na ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka kanisani.

Nilimpelekea kaka habari hizo, na nakiri nilikwenda na kafuraha kabaya moyoni. Alilia. Kisha akasema, neno moja moja, "Niliogopa. Mkiwajua ninyi, hawatanihitaji. Nilikuonea wivu, mdogo wangu." Mimi! Miaka yote nilidhani katika familia yetu wivu ni mali yangu peke yangu.

Tulianza siku hiyohiyo. Yeye anakumbuka, mimi naandika: nyumba ipi, ugonjwa gani, watoto wangapi. Alasiri baada ya alasiri tuliziokoa nyumba mia moja na kumi na nne. Januari mwaka huu alinitazama akaniuliza mimi ni nani.

"Mdogo wako, kaka."

Alitikisa kichwa kwa upole. "Hapana. Mdogo wangu ndiye anayewajua watu wote sasa. Mtafute yeye, atakusaidia."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Februari 2021, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo mmoja ambaye hata leo ana wivu, akiona umati huu umekuja kwa ajili ya nani.

Kaka, lala kwa amani. Watu wako tunao.