Mwalimu Atuganile Mwaikenda na Mkutano wa Bondeni

Marehemu Mwalimu Atuganile Mwaikenda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 huko Lwangwa, Rungwe, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa. Alikulia mahali ambapo mvua hunyesha karibu mwaka mzima na nyumba zinabaki zimesimama, jambo lililomfanya maisha yake yote asielewe visingizio vya Dar es Salaam.

Alisoma kijijini kwao, kisha Chuo cha Ualimu Mpwapwa, alikohitimu mwaka 1959. Alihamia Dar es Salaam mwaka 1968, akafundisha Jiografia katika shule ya msingi hapa Kinondoni hadi alipostaafu mwaka 1993. Wengi mliopo mlipita mikononi mwake. Mtakumbuka kwamba kengele ikilia alifunga mlango, na mchelewaji alisomea dirishani.

Tarehe 7 Julai 1962 alifunga ndoa na Revelian Rugaimukamu, karani wa reli kutoka Bukoba. Ndugu wa pande zote mbili walipinga, kila upande ukidai wenzao hawajui kupika ndizi. Walijaliwa watoto wawili, na mwaka 1974 wakajenga Tandale, bondeni, wakati ukingo wa mto ungali na miti na matete. Mzee Revelian alimtangulia mwaka 1989.

Kisha ukaja uhuru wa biashara. Kila kitu kikaruhusiwa, na bondeni watu wakaelewa kwamba kila kitu ni pamoja na mto. Miti ikawa mkaa, mchanga wa kingo ukawa matofali, mifuko ya plastiki ikajaza mtaro. Kila masika maji yalipanda na ukingo ukasogelea nyumba. Mwalimu alikuwa amewasikia wataalamu redioni wakisema hali ya hewa ya dunia inabadilika na mvua zitakuja kwa vurugu. Aliamini jambo likishatangazwa redioni, watu wenye akili hukutana. Akaitisha mkutano: mtaro uzibuliwe, uchimbaji mchanga ukome, matete yarudishwe.

Mkutano wa kwanza walikuja wachache, wakiulizia vyandarua. Wa pili uliangukia siku ya Simba na Yanga. Wa tatu alikuja peke yake Mzee Mwinshehe, mjumbe wa nyumba kumi, na yeye alikuwa anapita.

“Mwalimu, watu siku hizi wamezoea semina,” alimwambia. “Soda ipo?”

“Hamna.”

“Bahasha?”

“Mjumbe, nyumba ni zao!”

“Ndiyo hivyo. Soda hamna, bahasha hamna, na watu nao hamna.”

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 1996 Mwalimu alijaribu tena. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, aliazima turubai na viti kanisani, akavipanga mbele ya nyumba yake. Miaka ishirini na minane mjini, na bado hakufikiria kwamba Tandale turubai likifungwa mlangoni ni msiba, na kwenye msiba mtu haulizi kwanza, anakuja. Saa tatu asubuhi viti vilikuwa vimejaa. Wanaume waliinamisha vichwa. Wanawake waliingia na mchele, wakakoka moto uani. Bi Mwajabu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alianza kulia tangu barabarani, akagongana na Mwalimu mlangoni.

“Shikamoo, Mwalimu!”

“Marahaba. Unamlilia nani?”

“Si nakulilia wewe!”

“Basi nyamaza ukae. Kuna ajenda.”

Mzee Mwinshehe akamnong’oneza, “Mwalimu, watajie marehemu, watu watulie.”

“Hajafa mtu,” Mwalimu akasema, kwa sauti iliyofika hadi uani. “Ndiyo maana nawaita leo. Au mnataka tungoje nyumba zianguke, ndipo mje na mchele?”

Walinung’unika sana. Lakini wali ulikuwa jikoni, na kuondoka msibani kabla ya chakula ni aibu hata pasipo maiti. Wakakaa. Walipomaliza kula walikuwa wamekubali kila kitu, na Jumamosi iliyofuata, kwa mshangao wa Mwalimu kuliko wa mtu yeyote, walikuja na majembe. Mtaro ulizibuliwa. Matete yalipandwa kutoka kwake hadi msikitini. Kipande cha msikitini hadi darajani kiliachwa cha wiki ijayo, na wiki ijayo ikaendelea kuwa ijayo mwaka mzima, Mwalimu akigonga milango hadi watu wakajifunza kunyamaza ndani.

Mvua za mwisho wa 1997 mnazijua. Palipopandwa, maji yalipita yakaenda zake. Kule darajani yaliondoka na nyumba tatu. Mwalimu alishinda kwenye maji akisaidia kutoa vyombo, na hakumwambia mtu “niliwaambia.” Aliwatazama tu, jambo ambalo wengi waliona ni baya zaidi. Kifua kilimbana tangu Januari, ikawa nimonia. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Mei 1998, nyumbani kwake.

Ameacha watoto wawili, Lusungu na Kokushubira, wajukuu watano, na kipande cha ukingo kutoka msikitini hadi darajani. Alipoulizwa na wanawe kuhusu matanga, alisema asikaliwe hata siku moja. Watakaokuja waonyeshwe njia ya mtoni. Familia imekubali. Matete ya kupanda yamekwisha kukatwa na yapo uani.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi ni kesho, saa mbili asubuhi, kila mtu na jembe lake.