Nani Anaharibu Sauti ya Pili?

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa fundi cherehani, maana sindano zilikuwa bado zimechomekwa kwenye kola yake. Kwa sauti ya kukwaruza alimsimulia mzee wa pembeni yake kwamba kiharusi kilimnyang'anya sauti, lakini kwaya hakuiacha. "Kila zoezi nilisimama na wenzangu wa sauti ya pili, nikachezesha midomo tu."

"Sasa mama, si ulikuwa unajaza nafasi tu?" mzee akauliza. Afadhali aliuliza yeye, mimi niliona haya.

"Nilimwambia Yesu, mdomo huu hapa, sauti utaleta mwenyewe. Nyumbani nililia, baba, lakini kanisani nilisimama. Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya akakatisha wimbo, amefura: 'Nani huyo anatuharibia sauti ya pili?' Tukatazamana. Kumbe ni mimi, sauti imerudi!"

"Akakufukuza?"

"Alilia! Kwaya nzima ikapiga vigelegele."

"Hizo ni dawa tu," mzee akasema.

"Dawa nilimeza, baba. Na kusimama nilisimama."

Basi likasimama. Mama akashuka akiimba. Aliimba vibaya mno, na dereva akazima redio ili tumsikie.