Ok Gi-bong, Mwana wa Pili Aliyemlisha Mama

Marehemu Ok Gi-bong alizaliwa tarehe 3 Novemba 1957 katika kijiji cha Dapo, kisiwani Geoje. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Ok Jae-du, mchemsha dagaa, na mama Yun Mal-sun. Alitanguliwa na dada yake, Bun-nam, anayewasomea maneno haya, na kaka yake, Gi-man, ambaye mnamwona pale mstari wa mbele na suti yake nzuri. Siku Gi-bong anazaliwa baba alikuwa amelewa. Mkunga alichelewa kwa sababu ya mvua, baba akampiga kibao mlangoni. Mtoto akapokelewa na mtu mwenye shavu limevimba.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Dapo, akamaliza Februari 1970. Alikuwa na akili. Lakini ng'ombe wa nyumba ile alikuwa mmoja, na baba alimuuza ili Gi-man akasome Busan. Gi-bong aliuliza, "Na mimi, baba?" Alijibiwa kwa mti wa kuegemezea chanja ya kubebea kuni mgongoni. Mti ukakatika, baba akachukua wa jirani. "Mwana wa kwanza ndiye atakayetuzika," alimwambia huku akipumua kama fahali. "Wewe ni wa akiba." Wa akiba akapelekwa kuchochea moto chini ya masufuria ya dagaa, na alama za moto ule mikononi mwake ameingia nazo jenezani.

Mwaka 1978 aliitwa jeshini. Wakubwa wake walimpiga kwa mpini wa chepe mpaka sikio la kushoto likaacha kusikia. Hakulalamika. Alisema sikio moja linamtosha mtu asiyeambiwa mazuri.

Aprili 1981 aliajiriwa kiwanda cha meli, fundi wa kuchomelea vyuma. Alifanya kazi hiyo miaka mingi ndani ya matumbo ya meli, mahali ambapo ukisimama unagonga kichwa na ukilala unaungua. Alimwona mwenzake akidondoka kutoka juu ya jukwaa akapasuka kama tikiti maji. Kesho yake akarudi kazini, maana mshahara haujui kuomboleza.

Tarehe 14 Oktoba 1984 alimuoa Byeon Sun-rye, mfungua chaza. Kama ilivyo desturi, rafiki zake wa kiwandani walimfunga bwana harusi miguu wakamning'iniza, wakampiga nyayo kwa samaki mkavu, mgumu kama kuni. Alipiga kelele mpaka wazee wakatoka nje kucheka. Sun-rye, na gauni lake la harusi, akawaambia, "Ebu nipeni huyo samaki." Wakadhani anataka kumwokoa mumewe. Alimchapa viwili vya nguvu, akasema, "Hiki cha pombe ya jana. Hiki cha pombe ya kesho. Sasa mfungueni, ni wangu." Ndoa yao ilianza hapo, na ilikuwa ndoa nzuri.

Mshahara wa kwanza baada ya harusi Gi-bong aliupunguza njiani, akafika nyumbani anayumba. Sun-rye alimrushia chungu cha kabichi ya pilipili, kikampata begani. Tangu siku ile bahasha ilifika nyumbani haijafunguliwa, mke akagawa: mchele, ada, upatu wa kina mama, na kidogo cha mume mfukoni. Na mshika upatu alipotaka kutoroka na michango yao, Sun-rye alimburuta kwa nywele kutoka soko la samaki mpaka kituo cha polisi, huku Gi-bong akifuata nyuma kabeba viatu vya yule mwanamke. Pesa ikarudi. Hae-ju, binti yao wa pekee, alisomea uuguzi kwa upatu ule.

Baba alifariki mwaka 1998. Gi-man, kwa kuwa ni mwana wa kwanza, alirithi nyumba na kishamba, akauza vyote, akamchukua mama Busan. Kabla majira ya baridi hayajaisha mama alirudi Geoje na mfuko mmoja na alama za vidole kwenye mkono. Hakusema ni vidole vya nani. Alisema tu, "Gi-bong, nina njaa." Hakuondoka tena.

Sasa sikieni vizuri, hasa nyie vijana mnaokatwa kodi kila mwezi mkidhani kodi ni kama mvua, inanyesha tu. Kila Januari, kwenye hesabu ya kodi ya mwaka, mfanyakazi huandika watu anaowalisha, na serikali humrudishia chochote kwa ajili yao. Gi-bong aliandika mke, akaandika mtoto. Mama hakumwandika. Miaka yote hiyo hakumwandika! Si kwamba alisahau. Kwetu mzazi ni wa mwana wa kwanza, na Gi-bong aliamini kwamba hata mbele ya serikali mama ni mali ya kaka. Na kaka aliamini hivyo hivyo, ila yeye aliamini kwa faida.

Januari 2012, bibi Jegal wa ofisi ya mishahara alimshika.

"Baba Hae-ju, mama yako anaishi kwa nani?"

"Kwangu."

"Anakula kwa nani?"

"Kwangu. Anakula sana."

"Dawa za presha ananunua nani?"

"Mimi. Unanichunguza, bibie?"

"Sasa mbona humwandiki?"

"Mimi ni wa pili kuzaliwa."

Bibi Jegal alicheka mpaka akashika meza. "Ofisi ya kodi haiulizi nani alitangulia kutoka tumboni! Inauliza nani anaweka wali mezani. Andika mama yako, mzee, acha ujinga."

Akaandika. Kwa mara ya kwanza maishani aliandika jina la mama yake kwenye karatasi ya serikali, na Sun-rye anasema siku ile alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Gi-man naye alimwandika, kama kawaida yake. Mashine ya kodi ikaona bibi mmoja wa Geoje ana wana wawili wanaomlisha kikamilifu, mmoja kisiwani na mmoja Busan. Kabla mwaka haujaisha barua zikatumwa kwa wote wawili: semeni mama ni wa nani, na asiyemlisha arudishe pamoja na faini. Gi-man alipiga simu siku hiyo hiyo. Hakusalimu. "Umeniibia mama," alisema, akakata.

Mwaka mpya wetu, ule wa kalenda ya mwezi, ulikuwa tarehe 10 Februari 2013. Tulikusanyika kwa Gi-man, Busan, meza ya tambiko imeshapangwa: samaki, mapeasi, njugu, mabakuli ya shaba. Tuliinama mbele ya picha ya baba. Hata supu haijamiminwa, Gi-man akaanza.

"Wa pili, umepata wapi kiburi cha kuandika mama?"

"Kaka mkubwa, lini umemnunulia mama hata soksi?"

"Mimi ndiye ninayembeba baba! Kila mwaka namwandalia meza hii!"

"Baba amekufa, kaka. Baba hali kitu. Hii meza mnakula nyie."

Gi-man aliinua bakuli la shaba akalivurumisha. Lilimpata Gi-bong juu ya jicho la kushoto, mfupa ukalia, sote tulisikia. Damu ikaruka mpaka kwenye picha ya baba. Gi-bong alimrukia, akamshika ukosi, akampigiza kichwa kwenye kiambaza cha mbao na karatasi kilichosimamishwa nyuma ya meza mpaka kikapasuka, meza ikapinduka, samaki chini, mapeasi yanabingirika. Akampiga ngumi za mdomo, meno mawili yakatoka. Mke wa Gi-man akaja na kikaango bado kina mafuta, akamshindilia Gi-bong mgongoni. Sun-rye akamdaka nywele. "Leo nakunyonyoa kama kuku, shemeji!" Na alimnyonyoa.

Katikati ya vumbi lile mama, umri miaka themanini na moja, alitambaa kwa magoti juu ya wali uliomwagika, akaushika mkono wa Gi-man uliokuwa unatafuta bakuli jingine, akaung'ata. Aliung'ata mpaka ukatoka damu. Gi-man akalia kama mtoto. Mama alipoachia alisema, "Haya meno ya bandia kaninunulia Gi-bong. Nenda kayaandike nayo kwenye kodi yako."

Polisi walikuja wakatubeba wote. Yule kijana wa zamu aliuliza chanzo cha ugomvi, akaambiwa kodi ya mapato. Alicheka. Alipoliona jicho la Gi-bong akaacha.

Jicho lile halikupona. Fundi wa kuchomelea mwenye jicho moja haaminiwi na moto, kwa hiyo alihamishiwa kufagia yadi, na mshahara ukashuka. Gi-man hakulipa matibabu, hakuomba radhi, hata leo. Ofisi ya kodi iliwasikiliza majirani na mwenye duka la dawa, ikaamua kwamba mama anatunzwa na Gi-bong. Gi-man alitakiwa kurudisha alichokula kwa jina la mama, miaka mitano nyuma, na faini juu. Kwa mwana wa kwanza huo ulikuwa msiba kuliko kufiwa.

Tangu hapo Gi-bong akawa kero kiwandani. Kila Januari alikuwa akiwakamata ukosi vijana kwenye foleni ya chakula, na lile jicho lake bovu: "Umeandika nani? Mama yako unamlisha? Basi andika! Na kama humlishi ukamwandika, nakuvunja taya." Mmoja alidhani ni utani. Hakula kitu kigumu kwa wiki nzima.

Alistaafu mwishoni mwa 2017. Julai iliyofuata madaktari walisema mapafu yake yamejaa vumbi la chuma. Alikohoa damu kwenye taulo, na Sun-rye akaanza kununua taulo nyekundu ili mama asijue.

Mapema mwezi huu Gi-man alikwenda hospitali na boksi la mapeasi. Alikaa kitandani, akashusha sauti. "Mdogo wangu, wewe ukishaondoka, mwanangu Seung-hwan ana kazi nzuri. Tungemchukua mama. Anaweza kumwandika bibi yake, sheria inaruhusu." Gi-bong alikuwa na mrija puani na hana pumzi ya kusema. Alinyoosha mkono akaikamata tai ya kaka yake, akaizungusha ngumini, akavuta. Wauguzi wawili hawakuweza kuufungua ule mkono, akaitwa wa tatu. Gi-man alitoka pale uso umekuwa zambarau.

Marehemu alifariki tarehe 21 Februari 2019, saa nne asubuhi, Sun-rye akiwa amemshika miguu na Hae-ju kichwa.

Ameacha mjane, Byeon Sun-rye. Binti, Ok Hae-ju, ambaye tangu juzi ndiye anayemwandika bibi yake. Na dada, Bun-nam. Ana kaka pia.

Na ameacha mama mzazi, Yun Mal-sun. Leo asubuhi, tulipokuwa tunapakia jeneza, Seung-hwan alimfungulia bibi mlango wa gari lake lenye viti vya joto, Gi-man akamshika kiwiko na kumwambia mbele za watu, "Mama, sasa twende nyumbani kwako." Mama aliupiga ule mlango mkongojo, rangi ikachubuka. "Nyumbani kwangu ni huku," akasema, akapanda basi la jeneza, akakaa karibu na mwanawe. Amekaa humo mpaka tumefika juu hapa makaburini.

Pumzika salama, Gi-bong. Mama tunaye.