Aliyekubali Ukumbi Uvunjwe Ni Nani?

Mheshimiwa Mgeni rasmi, Waziri wetu wa utamaduni. Maofisa mlioongozana naye. Majirani zetu wa vyumba vya uani. Na wewe mzee wetu uliyeketi kiti cha mbele, pamoja na mkeo, mama yetu, aliyekushika mkono:

Sisi waigizaji, washonaji, mafundi taa na wafagiaji wa ukumbi huu tunakukaribisha, Mheshimiwa, na tunakuomba radhi mapema. Risala hii tumeiandika, tukaichana, tukaiandika upya. Wapo kati yetu waliotaka iwe ya shukrani tupu, kwa kuwa leo umekuja kumvisha mzee wetu nishani. Wapo waliotaka iwe ya malalamiko, kwa kuwa ofisi yako hiyohiyo imetangaza kwamba ukumbi huu utavunjwa. Mpaka tunafagia jukwaa asubuhi ya leo tulikuwa bado tunabishana. Basi ukitusikia tunashukuru huku tunanung'unika, usidhani tumekosa adabu. Tumechanganyikiwa.

ALIVYOTUFIKIA

Mheshimiwa, mzee wetu hakuja hapa kuigiza. Alikuja kutengeneza viti. Alikuwa fundi seremala kijana, anagongelea misumari huku wenzake wakifanya mazoezi jukwaani, na kila neno lililosemwa pale juu lilimwingia bila yeye kulitafuta. Siku ya maonyesho, mwigizaji aliyekuwa acheze mwenye nyumba mkatili aliamka sauti imekauka kabisa. Watu walishakaa. Kiongozi wa kikundi akawa anazunguka nyuma ya pazia ameshika kichwa. Yule fundi akaweka nyundo chini, akasema, "Mimi nayajua hayo maneno. Nipeni koti."

Alipotoka jukwaani watu walimzomea mpaka vumbi likaanguka darini, naye akajua amewapata. Sura aliyojaliwa ni ya ukali, hilo hata yeye hulisema. Kuanzia hapo akapewa wakubwa wa magereza, mabosi wanaofoka, na baba wadogo wanaodhulumu yatima. Katika maisha yake yote ya uigizaji hakuwahi kumpata bibi harusi mwishoni mwa mchezo. Lakini yule mwenye nyumba alihamia redioni, kisha kwenye runinga, akadumu miaka na miaka, hadi jina la mzee likapotea, watu wakabaki kumwita Mwenye Nyumba.

Sifa hiyo ilimtesa. Sokoni kuna mama aliyekataa kumuuzia nyanya. "Kawale wapangaji wako, umeshawazoea!" alimwambia, na hakuwa anatania. Mzee alirudi nyumbani na kikapu kitupu, akacheka sana, lakini sokoni hakurudi tena. Mkewe, ambaye wakati huo alikuwa muuguzi, ndiye aliyekuwa akienda sokoni tangu siku hiyo.

ALIYOYAFANYA

Tungeweza kusoma orodha ya michezo yake tukamaliza mchana. Tumeona tukueleze jambo moja, kwa sababu wenyewe wamo humu ndani na wanaweza kutusahihisha.

Vyumba vya uani vilikuwa na tajiri wake, aliyetaka wapangaji waondoke ili pawe maegesho ya magari. Wapangaji wakaitana uani kushauriana. Mzee alipoingia, wote wakamgeukia. Bibi mmoja akauliza, "Na huyu amefuata nini? Si ndiye Mwenye Nyumba?"

"Jamani," mzee akasema, "mimi ni mpangaji kama ninyi. Chumba changu ni kile chenye dirisha lililozibwa kwa gunia."

Walimwangalia, wakaliangalia gunia, wakacheka mpaka wengine wakakohoa. Siku hiyo wakamchagua awe msemaji wao.

Haikupita muda mrefu, tajiri akaleta vibarua kutoa vitu nje kwa nguvu. Mzee alikuwa hapa ukumbini, katikati ya kurekodi, amevaa koti refu na kofia, mkononi ana fimbo. Mtu alikuja mbio kumwambia, naye akatoka vilevile alivyo. Alikuta kitanda cha mgonjwa kiko barabarani na mgonjwa mwenyewe kakaa juu yake. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Mwenye Nyumba.

"Nani kawaambia mtoe vitu?"

Msimamizi wa vibarua akavua kofia. "Bosi, si tuliagizwa..."

"Mliagizwa na nani? Rudisheni! Na hicho kitanda taratibu, si mnaona mama anaumwa?"

Wakarudisha kila kitu. Kibarua mmoja alifuta hata meza vumbi. Tajiri alipofika, wapangaji walikuwa wamejifungia ndani, na mwenzao mmoja yuko mahakamani na wakili anaomba zuio. Zuio likapatikana. Mzee akakamatwa.

Hakimu alimuuliza, "Ulijitambulisha kwamba wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Mheshimiwa, sikusema mimi ni nani. Niliuliza tu nani kawaambia."

Hakimu alijifunika uso kwa jalada, mabega yakitikisika kwa kicheko, kisha akamwachia huru. Wapangaji wale bado wanaishi palepale. Wengine leo wamevaa nguo zao nzuri kwa ajili yake.

Na sisi wenyewe alitupigania. Wanaosimama nyuma jukwaani bila kusema neno walikuwa hawana hata pa kubadilishia nguo. Akina mama walikuwa wanavalia koridoni huku wabeba mbao wanapita. Mzee alikataa kupanda jukwaani mpaka wapewe chumba. Chumba kipo, Mheshimiwa. Ukipenda utakiona.

YANAYOTUTATIZA

Hapa ndipo tulipokuwa tunachana karatasi.

Mzee wetu ameanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa maneno ya michezo mipya, tukasema ni uzee. Maneno ya yule mwenye nyumba hakuyasahau hata siku moja. Halafu asubuhi fulani mshonaji wetu alikuwa anampima koti, msichana mmoja akapita akamsalimu kwa utani, "Shikamoo Mwenye Nyumba." Mzee akanyooka mgongo. Akasema, "Nataka mtoke wote kabla jua halijazama."

Tulipiga makofi. Alikuwa hodari kama zamani.

Mshonaji akasema, "Haya mzee, tumemaliza, vua koti."

"Wewe ni nani wa kunivua koti nyumbani kwangu?"

Makofi yakakatika. Macho yake yalikuwa yanatuangalia kama watu asiowajua, tena wenye madeni. Tulimwita mama yetu. Alikuja, akakaa kando yake bila haraka, akamwambia, "Baba, chai imeiva." Polepole mabega yakashuka. Mzee akatutazama, akauliza, "Mbona mmesimama kama mko msibani?"

Baada ya hapo wakaja maofisa wako wawili, Mheshimiwa. Hatuwalaumu. Walikuja kwa heshima, kupata maoni ya mzee, kwa kuwa ndiye alikuwa mwenyekiti wetu, kuhusu mpango wa kuvunja ukumbi. Ofisa kijana aliyekuwa amekua akimtazama kwenye runinga alishindwa kujizuia. "Shikamoo Mwenye Nyumba!" akasema, kwa mapenzi kabisa.

Tulikuwa nyuma ya pazia tunapanga mbao. Tulisikia wakimweleza mpango. Tulisikia na jibu: "Vunjeni. Hawa watu wamenichosha."

Maofisa walicheka. Na sisi tulicheka kulekule nyuma. Tulidhani wamejua ni igizo. Wao walidhani wamesikia mwenyekiti. Wakampa mkono, wakaenda.

Wiki ile redio ikatangaza kwamba uongozi wa ukumbi umeridhia. Mzee alikuwa amekaa nasi tunakunywa chai. Akagonga meza, vikombe vikaruka.

"Nani huyo aliyekubali?" akasema. "Mleteni hapa mbele yangu!"

Sisi tukainama kuokota vikombe.

Mheshimiwa, tufanyeje? Tukikanusha neno lile, inabidi tuseme mbele za watu kwamba akili ya mzee wetu inampotea, yeye aliyetuheshimisha. Tukimsitiri, neno linabaki la kwake na ukumbi unavunjwa. Tulikwenda nyumbani kwake, ghorofani anakoishi sasa, tukamsomea risala hii mpaka hapa ilipofika. Alikuwa anamenya chungwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Someni. Maisha yangu yote watu wamelipa kiingilio kuniona nikiwa mbaya. Si vibaya wakaniona bure nikiwa nimepotea."

Tulitoka tumefarijika. Tulipofika kwenye ngazi mshonaji akasimama. "Maneno yale," akasema, "mbona kama yana harufu ya jukwaa?" Wengine wakasema ni yeye mwenyewe kabisa, ndivyo anavyosema akiwa mzima. Tulibishana ngazi nzima hadi chini barabarani, na mpaka sasa hatujapata jibu. Risala tunaisoma hivyohivyo, na kama tumekosea, aibu ni yetu.

TUNAYOYAOMBA

La kwanza, neno lile lisihesabiwe kuwa letu. Tumekutana wanachama wote, mzee akiwepo. Waliotaka ukumbi ubaki walipoambiwa wanyooshe mikono, yeye alinyoosha kabla swali halijaisha. Waliotaka uvunjwe walipoulizwa, akanyoosha tena, akatabasamu. Tukamhesabu pande zote mbili. Upande wa kuvunja ulikuwa na mkono huo mmoja tu. Kisha yeye mwenyewe akaomba kupumzika uenyekiti, na mshonaji wetu ameushika. Maofisa wakija tena, waongee naye. Hana utani.

La pili, ukumbi wenyewe. Daktari amemwambia mama yetu kwamba mzee aachwe mahali anapopazoea. Mtaani sasa anapotea. Majuzi alikutwa mbele ya duka la dawa akiulizia barabara iliyokuwa chini ya miguu yake. Lakini akiingia mlango huu hapotei. Anajua kiti kipi kinalegea. Anatembea jukwaani gizani bila kujikwaa. Tunaomba utusaidie kulifikiria jambo hili upya, Mheshimiwa, kabla ya kutuletea katapila.

La tatu, nishani mpe. Wapo kati yetu waliosema tuikatae, kwamba tukiipokea tutakuwa tumefungwa mdomo. Mama yetu alituuliza swali moja tu: "Ni ya kwenu, au ni ya kwake?" Mpe. Ila ukimvisha usimwite Mwenye Nyumba, hata kwa mapenzi. Mwite baba. Tunafikiri hilo humrudisha, ingawa hatuna uhakika.

Na la mwisho. Baada ya nishani huenda akataka kusema neno. Tunaomba asikatizwe, hata akikufokea, hata akitufukuza sote humu ndani. Jana tulimuuliza mama yetu yeye hutambuaje ni nani anayezungumza, mumewe au mwingine. Alifikiri, akasema, "Siku nyingi sitambui. Namjibu tu yule aliyepo, ili asijione yuko peke yake."

Basi atakaposimama, Mheshimiwa, nasi tutasimama. Hatujui atakayezungumza atakuwa nani. Yeyote atakayekuwa, tutamjibu.

Mungu akujalie afya, akurudishe salama kwako, na akupe wepesi wa kubadili neno pale linapohitaji kubadilishwa.

Ni sisi wako,
Umoja wa Waigizaji na Mafundi wa Ukumbi wa Uani.